Kwa Nini Pembe Ilisafiri na Tembo Akabaki

Tarehe 13 Aprili 1796 meli iitwayo America ilitia nanga New York ikiwa imebeba ndama wa tembo. Nahodha wake, Jacob Crowninshield, alikuwa mtu wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Alimnunua ndama huyo Bengal kwa dola 450, akamuuza kwa dola 10,000. Kwa kadiri kumbukumbu zinavyoonyesha, huyo ndiye tembo wa kwanza kufika Marekani akiwa hai, na kwake ndipo inapoanzia historia ya tembo katika sarakasi za kuzunguka za nchi hiyo.

Miaka thelathini hivi baadaye, meli za Salem hiyohiyo zilikuwa zikija Unguja. Zilileta kitambaa cha pamba ambacho watu wa pwani walikiita merikani, zikarudi na sandarusi, ngozi na pembe za ndovu. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Unguja, walitia saini mkataba wa biashara, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, naye mtu wa Salem, akaanza kazi Unguja. Basi mji uliofungua biashara ya tembo hai ndio uliokuja kununua pembe kwetu.

Tumtazame sasa msomaji aliye Diaca, Cabo Delgado, kwenye barabara itokayo Mocímboa da Praia kwenda Mueda, chini ya uwanda wa juu wa Wamakonde. Kaskazini yake upo mto Ruvuma, magharibi yake misitu ya miombo inayoendelea hadi Niassa. Hii ni nchi ya tembo tangu zamani, na bahari haiko mbali. Ana haki ya kuuliza: ikiwa Wamarekani walitaka tembo wa kuonyesha, na meli zao zilikuwa zikitia nanga katika pwani hii, kwa nini tembo wao wa mwanzo walitoka India na Ceylon (Sri Lanka ya leo)? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba tembo wa Afrika ni mkali, hafugiki. Jibu hilo si sahihi. Ili kuona kwa nini si sahihi, inafaa tuanze na mwili wa mnyama mwenyewe.

Leo wanasayansi wanatambua spishi tatu za tembo walio hai. Spishi ni kundi la viumbe wa namna moja, wanaozaana wao kwa wao na kupata watoto ambao nao wanaweza kuzaa. Yupo tembo wa nyika wa Afrika, ambaye ndiye wa Cabo Delgado, Niassa na kusini mwa Tanzania. Yupo tembo wa msituni wa Afrika, aliye mdogo zaidi, anayeishi katika misitu minene ya Afrika ya Kati na Magharibi. Na yupo tembo wa Asia. Tembo wa nyika ana masikio mapana yanayofunika mabega, mgongo uliobonyea katikati, na ncha mbili kama vidole mwishoni mwa mkonga. Tembo wa Asia ana masikio madogo, mgongo uliotuna, na ncha moja tu kwenye mkonga. Tofauti nyingine ni ya kukumbukwa, kwa sababu tutairudia: kwa tembo wa nyika, dume na jike wote huwa na pembe kwa kawaida, lakini kwa tembo wa Asia majike hawana pembe za kuonekana, na madume wengine pia hawana.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Dume mzima wa tembo wa nyika huweza kufikia tani sita, na kimo cha zaidi ya mita tatu begani. Ukubwa wa namna hii una kanuni zake. Chukua mchemraba wenye upande wa mita moja. Una nyuso sita, kila uso mita moja ya mraba, kwa hiyo eneo lake la nje ni mita sita za mraba, na ujazo wake ni mita moja ya ujazo. Uongeze upande uwe mita mbili: eneo la nje linakuwa mita 24 za mraba, na ujazo mita nane za ujazo. Eneo limezidi mara nne, ujazo umezidi mara nane. Yaani kitu kinapokuwa kikubwa, nje yake hupungua ikilinganishwa na ndani yake. Joto la mwili huzalishwa ndani na hutoka nje kupitia ngozi. Kwa hiyo mnyama mkubwa hupoteza joto polepole, na kila kilo ya mwili wake huhitaji chakula kidogo kuliko kilo ya mwili wa mbuzi. Ndiyo sababu pia tembo wa nyika ana masikio mapana yenye mishipa mingi ya damu: anayapunga ili damu ipoe.

Hata hivyo kilo zake ni nyingi mno, na chakula chake ni majani, magome na matawi, vitu vyenye nyuzi ngumu ambazo tumbo la mnyama haliwezi kuzivunja lenyewe. Kazi hiyo hufanywa na bakteria. Kwa ng'ombe bakteria hao wako tumboni, kabla ya utumbo, na chakula hurudishwa mdomoni kucheuliwa. Tembo hacheui. Bakteria wake wako mwishoni, katika utumbo mpana, na chakula hupita haraka. Faida ya mpango huu ni kwamba anaweza kuishi kwa chakula duni ambacho ng'ombe angekonda nacho. Hasara yake ni kwamba zaidi ya nusu ya alichokula hutoka bila kumeng'enywa, na aliyewahi kuona kinyesi cha tembo njiani ameona vijiti na mbegu vikiwa vizima. Kwa hiyo lazima ale sana: tembo mzima hula kilo 150 hivi kwa siku, na kunywa lita 100 au zaidi.

Tupige hesabu ya nahodha. America iliondoka Calcutta, bandari ya Bengal, Desemba 1795, ikafika New York Aprili 1796, zaidi ya miezi minne. Tuseme siku 120. Tembo mzima angehitaji tani 18 za majani na lita 12,000 za maji, ambazo nazo ni tani 12. Jumla ni tani 30 za mzigo kwa ajili ya abiria mmoja, katika meli ya tanga isiyo na barafu wala mashine ya kusafisha maji ya chumvi, na huyo abiria mwenyewe ana tani kadhaa na anaweza kuvunja mbao akihangaika. Ndiyo maana Crowninshield alimchukua ndama wa miaka miwili, ambaye kwa maelezo yake alikuwa karibu sawa na maksai mkubwa. Hata huyo alisumbua. Meli ilipopita kisiwa cha St Helena, daftari la safari liliandika kuwa zilichukuliwa mboga za majani kwa ajili ya tembo. Mwaka uliofuata, tangazo la maonyesho lilidai kwamba anakula ratili 130 kwa siku, yaani kilo 59 hivi, na kwamba anakunywa vileo vya kila aina. Watazamaji walilipa ili kuona mnyama akizibua chupa kwa mkonga. Kwa mtoto wa tembo huo haukuwa mchezo wa kheri.

Kwa nini miaka miwili, si miezi miwili? Kwa sababu ya maziwa. Mimba ya tembo huchukua miezi 22, na mtoto huzaliwa akiwa na kilo 100 au zaidi. Hutegemea maziwa ya mama kabisa katika miezi ya mwanzo, na huendelea kunyonya kwa miaka kadhaa huku akijifunza kula majani. Maziwa ya ng'ombe hayamfai, kwani mafuta yake humharisha mpaka afe. Jambo hili halikutatuliwa hadi karne ya 20, tena hapa Afrika Mashariki: Daphne Sheldrick, aliyelea tembo yatima Tsavo na baadaye Nairobi, alijaribu kwa miaka mingi mpaka akagundua kuwa mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribiana na mafuta ya maziwa ya tembo. Katika karne ya 18 hakuna aliyelijua hilo. Ndama mchanga aliyetenganishwa na mama yake alikuwa maiti ndani ya siku chache. Ndama wa miaka miwili aliweza kuishi, kwa shida, kwa nyasi na mchele.

Wala mama hamwachi mtoto aende hivihivi. Tembo majike huishi kwa ukoo, bibi, mabinti na wajukuu, na ukoo mzima humzunguka ndama anapotishwa. Katika India na Ceylon kulikuwa na desturi ya karne nyingi ya kuliswaga kundi zima ndani ya boma la magogo, kisha kuwachagua wanaofaa na kuwatuliza kwa msaada wa tembo waliokwisha kuzoezwa. Mahali pasipokuwa na desturi hiyo, njia ya kawaida ya kumpata ndama ilikuwa kumuua mama.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo husemwa kwa neno moja la kufuga. Mnyama wa kufugwa kwa maana ya kisayansi, kama kuku au mbuzi, ni yule ambaye vizazi vyake vingi vimezaliwa mikononi mwa watu, na watu wakachagua wazazi wa kila kizazi, mpaka tabia na umbile vikabadilika. Mnyama aliyezoezwa ni wa mwituni, ila yeye binafsi amefundishwa kuvumilia watu. Kwa maana hiyo hakuna tembo aliyefugwa popote duniani, hata India. Tembo huchelewa kuzaa, hula sana kwa miaka mingi kabla ya kufaa kazi, na ni rahisi zaidi kumkamata aliyekwisha kukua msituni kwa gharama ya msitu. Tofauti kati ya Asia na kwetu basi haikuwa katika damu ya mnyama. Ilikuwa katika kazi ya watu: kule palikuwa na vizazi vya waongoza tembo waliorithishana amri, dawa na subira, na palikuwa na falme zilizowalipa.

Wamarekani walinunua ujuzi huo uliokwisha kutengenezwa. Karibu na mwanzo wa karne ya 19 mkulima wa Somers, New York, aitwaye Hachaliah Bailey alimnunua jike aliyekuja kujulikana kama Old Bet, akamtembeza mji hadi mji. Alimwendesha usiku, ili watu wa njiani wasimwone bila kulipa. Mwaka 1816 jike huyo alipigwa risasi akafa huko Alfred, katika jimbo la leo la Maine. Hata hivyo faida ilikuwa imeonekana, na majirani wa Bailey wakaanzisha misafara yao ya wanyama. Kabla ya reli kuenea, tembo alikuwa na sifa ambayo simba hana: alijibeba mwenyewe, na aliweza kusukuma magari ya wenzake yaliyokwama kwenye tope. Mwaka 1851 msafara ulioandaliwa na mfanyabiashara wa maonyesho P. T. Barnum na wenzake ulileta New York tembo takriban kumi kutoka Ceylon kwa meli moja.

Wakati huohuo pembe zilikuwa zikisafiri kutoka kwetu. Pembe si pembe kama ya ng'ombe, ni jino. Ni meno mawili ya mbele ya taya la juu, yanayoendelea kukua maisha yote ya mnyama, na karibu theluthi moja ya urefu wake imefichwa ndani ya fuvu. Kwa hiyo haing'olewi kwa tembo aliye hai. Maada yake ni dentini, ileile iliyo chini ya weupe wa jino la mtu, iliyojaa vijia vyembamba visivyoonekana kwa macho. Muundo huo huifanya iwe ngumu lakini isiyopasuka hovyo, ikubali msumeno na msasa, na inyonye jasho kidogo ili kidole kisiteleze. Pembe za mashariki mwa Afrika zilisifiwa sokoni kwa ulaini wake. Kule Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, viwanda vilizikata kuwa vitana na vibao vya kubandika juu ya vibonyezo vya piano, kisha vibao hivyo vikaanikwa wiki nyingi katika nyumba za vioo ili jua living'arishe.

Linganisha sasa mizigo miwili. Pembe haili, hainywi, haiozi, haitoroki. Ilipimwa kwa frasila, ratili 35 hivi au kilo 16, na pembe ya frasila mbili ni mzigo wa mpagazi mmoja. Misafara ya Wayao iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa, na ile iliyoshuka hadi Ibo na ghuba ya Tungue, ilipita katika nchi hizi ikibeba pembe mabegani, na mara nyingi mabega hayo yalikuwa ya watu waliotiwa utumwani. Ukumbuke na lile tulilosema juu ya majike: kwa tembo wa nyika karibu kila mnyama mzima, dume na jike, alikuwa na thamani akiwa amekufa. Jike wa Asia, asiye na pembe, alikuwa na thamani akiwa hai tu. Naamini tofauti hii ndogo ya mwili ilifanya kazi kubwa kuliko tabia yoyote ya ukali.

Athari ya mauaji ya namna hiyo inaweza hata kusomwa katika urithi. Gorongosa, katikati ya Msumbiji, tembo wengi waliuawa kwa ajili ya pembe wakati wa vita vya 1977 hadi 1992. Kabla ya vita, jike mmoja kati ya watano hivi hakuwa na pembe. Baada ya vita, miongoni mwa majike walionusurika, ilikuwa karibu nusu, na mabinti wao wengi wamezaliwa hivyohivyo.

Lakini je, hakuna aliyejaribu kuwatumia tembo hai kwetu? Palikuwa na sababu nzuri ya kujaribu. Mbung'o hueneza vimelea vidogo viitwavyo tripanosoma, vinavyosababisha ugonjwa wa nagana, unaoua ng'ombe, farasi na ngamia. Bila mnyama wa kubeba, mzigo hubebwa na mtu. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, kaskazini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, akiwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa wa India, nyumbu na punda, ili aone ni yupi atakayestahimili mbung'o. Aliufuata Ruvuma kuelekea bara, na wanyama hao wakafa njiani, kwa mbung'o, kwa kupigwa na kwa kubebeshwa kupita kiasi, sababu zikiwa zimechanganyika kiasi kwamba jaribio halikuthibitisha kitu. Jaribio la kisayansi lataka jambo moja tu libadilike kwa wakati mmoja, na hapo yalibadilika yote.

Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aligharimia jaribio jingine. Tembo wanne wa Asia waliletwa kwa meli kutoka Bombay hadi Msasani, karibu na Dar es Salaam, pamoja na waongozaji wao Wahindi, chini ya Frederick Carter. Walishushwa majini wakaogelea hadi ufukweni. Walipita katika nchi ya mbung'o, wakaumwa nao, wala hawakuonyesha dalili ya nagana. Hilo lilikuwa tokeo la maana. Lakini walibebeshwa sana na kulishwa kidogo. Mmoja alifia Mpwapwa, wengine wakafuata, na aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ni jike mmoja aitwaye Pulmalla, ambaye naye hakuishi sana. Mwaka uliofuata Carter aliuawa vitani.

Kutokana na kushindwa huko Leopold alielekea kwa tembo wa Afrika wenyewe. Karibu na mwaka 1900, ofisa Jules Laplume alianza kukamata tembo wachanga kaskazini mashariki mwa Kongo. Kituo chake kilihamishwa mara kadhaa, mwisho kikawa Gangala na Bodio, karibu na ilipo leo Mbuga ya Garamba. Wakamataji, wengi wao Wazande, walilifuata kundi kwa miguu, wakamtenga ndama mkubwa aliyekwisha kuacha kunyonya, wakamfunga kamba miguuni. Baada ya miezi kadhaa tembo hao walikubali kubeba watu, kuvuta magari na kulima. Kwa miongo mingi walifanya kazi hiyo. Wale wanaodai kwamba tembo wa Afrika hazoezeki wana jibu lao hapo.

Na Wamarekani nao walimpata tembo wa Afrika aliyezoezwa, aliyekuwa mashuhuri kuliko wote. Jumbo alikamatwa akiwa ndama mwanzoni mwa miaka ya 1860 katika mpaka wa Sudan na Ethiopia, na wawindaji wa Kihamran. Alipitia Paris, akafika bustani ya wanyama ya London mwaka 1865, akabeba watoto mgongoni kwa miaka mingi. Mwaka 1882 Barnum alimnunua kwa dola 10,000 akamvusha Atlantiki. Tarehe 15 Septemba 1885 aligongwa na treni huko St Thomas, Kanada, akafa akiwa na umri wa miaka 24 hivi. Mifupa yake imehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya viumbe mjini New York, na wanasayansi waliichunguza upya katika miaka ya karibuni.

Walichokikuta mdomoni chaeleza mengi. Tembo hupata seti sita za magego katika maisha yake, lakini hazioti kutoka chini kwenda juu kama zetu. Gego jipya hutokea nyuma ya taya na kusogea mbele polepole, likisukuma la zamani, ambalo husagika kwa magome na mchanga mpaka likamegeka na kuanguka. Mpango huo hutegemea chakula kigumu. Jumbo alilishwa nyasi kavu laini na vitu vitamu, na kwa desturi ya wakati ule alipewa pia pombe. Magego yake ya zamani hayakusagika vya kutosha, kwa hiyo hayakuanguka, na yale ya nyuma yakabanwa na kupinda. Huko London alijulikana kwa kuvunja boma lake usiku kwa hasira, na watazamaji wa wakati huo walidhani ni tabia ya tembo dume wa Afrika. Watafiti waliotazama taya lile wanaona uwezekano mkubwa kwamba alikuwa akiumwa na meno.